Vitabu vya Mwalimu Nyamizi Chooni

Usiku ule nililala na kinyaa kooni. Mchana wazazi tulikwenda kufyeka nyasi za shule, nikaingia chooni, nikakuta karatasi za kupangusia zimechomekwa msumarini. Nikatoa moja. Ina picha ya watoto wa Kimakonde, wa Kiha, wa Kingoni, wamekaa pamoja mlangoni pa kambi yetu ya mkonge. Mimi kusoma ni kwa kuokoteza, ila picha ile naijua. Ni kitabu alichowatungia watoto marehemu Mwalimu Nyamizi, jinsi babu zao walivyotoka pande zote kuja kukata mkonge, na jinsi kambi ilivyochomwa moto. Aliyekichana ni mwalimu mkuu Mbwilo. Namtaja. Alisema vitabu vya Nyamizi vinaleta ukabila.

Jioni ile ile binti yangu Zawadi, wa darasa la nne, akaniambia wamefundishwa kuwa moto ule uliletwa na uzembe wa mama mmoja mpika pombe. Mama huyo ni mama yangu. Aliungulia ndani. Zawadi hajui, na mimi nikashindwa kumwambia.

Basi nikalala, na Nyamizi akaja.

Anaingia kwa mlango wa uani, kama alivyozoea, kanga imelowa hadi magotini, ananuka choo. Sishangai. Nampa kigoda, hakai. Mara hatumo nyumbani, tumo darasani mwake, na vitabu vyake vimeanikwa kwenye kamba kama nguo. Kuna cha Wasukuma, kuna cha Wahindi wa dukani, kuna cha watoto wa nchi za mbali wenye nywele kama nyuzi za mkonge. Kila mtoto anasoma kwanza cha kabila la mwenzake, ndipo apewe cha kwao. Ndivyo alivyofundisha.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mngoni. Mtani wangu. Ananitazama juu mpaka chini.

"Mngoni wewe, babu zako walituibia ng'ombe kwa mikuki. Leo mjukuu wao anaogopa mwalimu mwenye kitambi."

Kwa mtani hakuna kukasirika. Babu zetu walichinjana, sisi tukabaki kutukanana na kula sahani moja. Ndiyo historia tuliyosoma watu wa kambi. Siku ya maziko yake nilishuka kaburini nikajilaza, ili asizikwe mpaka wafiwa wanipe kuku wangu, kama mtani anavyopaswa. Mbwilo akaamuru nitolewe. Kuna wageni, akasema, msituaibishe. Nikabebwa kama gunia, akazikwa kimya kimya, kama mtu asiye na watu.

Msituaibishe!

Darasa linajaa moshi. Sasa ni kambini, mimi ni mtoto, makuti yanawaka. Nyapara Shauri anapita mlango hadi mlango na kopo la mafuta ya taa, kwa sababu baba zetu wamegoma. Mama anaita kutoka ndani. Shingo yangu inaungua. Na hapo hapo, kwenye moto, kuna ubao, na mbele ya ubao Mbwilo, mkwe wa Shauri huyo huyo, anawaambia watoto ni jiko la pombe. Anasema huku anajikuna tumbo.

Watoto wananigeukia. Zawadi amekaa mbele. Sauti sina.

Nyamizi akanisogelea mpaka harufu yake ikanifunika. Hakutania tena.

"Kitabu wamekichana. Wewe hawajakuchana. Mtoto asiyeambiwa nani alichoma, atakua akimpa shikamoo mchomaji."

Nikaamka, kunapambazuka. Mke wangu akauliza nilikuwa namtukana nani. Nikamjibu bado sijaanza.

Zawadi alikuwa anafunga viatu vya shule. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia yule mama alikuwa bibi yake, na mwenye kopo alikuwa Shauri. Akaacha kamba za viatu.

"Babu Shauri anayetupa peremende?"

"Huyo huyo."

Akatazama mlangoni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Jana nilimwamkia, baba."

Nikamfunga viatu mwenyewe, tukatoka. Asubuhi Mbwilo husimama getini na fimbo, mbele ya wanafunzi wote. Vizuri. Sitapata taabu ya kumtafuta.