Mtambo wangu wa kukusanya ushahidi ulivyomnasa marehemu Nyangeta wa Nyamuswa

Wakuu, habari za mapambano.

Hii si chai. Kama kuna mahali nimeongeza chumvi, ziwa hili ninaloliona dirishani linimeze. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa IT hapa Musoma. Ofisi yetu ipo Nyasho, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tunatunza kumbukumbu za wagonjwa za zahanati za makanisa, Musoma, Bunda na Butiama, na kumbukumbu zenyewe zinakaa cloud.

Mama yangu mzazi aliwahi kuniuliza zipo wapi hasa. Nikamwambia zipo winguni. Akatazama ziwani, na siku hiyo wale wadudu wadogo walikuwa wameinuka majini kama moshi. Akasema, "Aa, pale." Sikumsahihisha. Tangu hapo nikiliona lile wingu nakaa nawaza, labda kweli zipo pale, majina ya watu wote yanaelea.

Naotaga mchana, mnivumilie.

Sasa, anayetunza siri za wagonjwa lazima akaguliwe. Mkaguzi wetu anatoka Dar, dada mmoja mpole ila hacheki. Kila akija maswali ni yale yale. Mtu akiondoka kazini mnafunga akaunti yake? Backup, zile nakala za akiba, mnazijaribu? Kila anayeingia kwenye mfumo anaombwa code ya simu?

Na sisi watu wa Mara tunajibu kwa kujiamini kabisa. "Tunafungaga." "Tunajaribuga." "Wanaombwaga."

Siku moja akaweka kalamu chini. "Kaka, hiyo 'ga' yenu ndiyo shida. 'Tunafungaga' siyo ushahidi. Nionyeshe."

Iliniuma, lakini alisema kweli. Ushahidi wetu ulikuwa screenshot za kukimbizana wiki ya ukaguzi, kama parokia inayopaka chokaa kwa sababu Askofu anakuja.

Nikaamua kujenga mtambo. Kwa wasio wa fani: ni skripti inayoamka yenyewe kila alfajiri. Ina ruhusa ya kusoma tu, haibadilishi kitu. Inaangalia nani ana akaunti, nani kaingia na kutokea wapi, backup ya jana ipo au haipo, kisha inalinganisha na orodha ya wafanyakazi. Majibu inayaweka kwenye stoo ya cloud iliyofungwa kiasi kwamba hakuna anayeweza kuyafuta wala kuyabadilisha, hata mimi niliyeijenga. Hiyo ya mwisho ishikeni, maana ilinitoa jasho.

Niliupenda ule mtambo, sitaki kuwaficha. Nilianza kuwahi ofisini ukungu ukiwa bado umelala ziwani na yale mawe yetu makubwa yana baridi. Nafungua laptop, nakuta mistari ya kijani tupu. Nilikuwa najisikia kama kuna mtu kapita zahanati zote nikiwa usingizini, anajaribu vitasa vya milango, na vyote vimefungwa. Raha yake hamuwezi kuijua.

Asubuhi moja nikakuta mstari mwekundu.

Akaunti: Nyangeta, zahanati ya Nyamuswa. Mmiliki: amefariki. Aliingia: jana asubuhi.

Wakuu, Nyangeta namjua. Alikuwa karani wetu wa kwanza kule, mama mtu mzima aliyekuwa akiita kompyuta "huyu", kama anamzungumzia mkwe. Nilikwenda kumzika Butiama na udongo nilitupia kwa mkono wangu.

Orodha ya wafanyakazi ilikuwa imesahihishwa jana yake tu, kwa hiyo nikarudi nyuma kuangalia zile siku ambazo mtambo ulimwona bado mzima. Juzi aliingia. Siku iliyotangulia juzi nayo aliingia. Na kila mara code ya simu ilitumwa na ikajibiwa vizuri.

Nikapiga zahanati. Akapokea mlinzi.

"Mzee shikamoo. Naulizia akaunti ya Nyangeta, kuna mtu anaitumia?"

"Marahaba kijana wangu. Nyangeta si yupo? Anakujaga kila siku."

"Nyangeta yule tuliyemzika?"

"Huyo huyo. Amekaa pale kwenye kiti chake. Nikuitie?"

Nilikata simu. Nikaenda moja kwa moja kwa bosi.

Bosi wetu ni mama asiyeamini mambo ya mizimu. Alisikiliza, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu anachungulia magonjwa ya watu kwa mgongo wa marehemu. Funga akaunti sasa hivi, na huyo mtu atajibu polisi. Halafu huo mstari mwekundu ufute kabla mkaguzi hajafika."

Akaunti nikaifunga pale pale, ndiyo utaratibu. Kufuta nikamwambia haiwezekani.

"Nani kasema?"

"Niliifunga hiyo stoo mwenyewe, mama. Haifutiki."

Akanigeukia. "Yaani umetutegea mtego, na sisi ndiyo panya."

Nikamuomba kitu kimoja tu: kabla ya polisi, niende Nyamuswa nikamwone huyo mtu kwa macho yangu. Polisi ukishawaita huwezi kusema samahani nilikosea. Akakubali kwa shingo upande.

Nikapanda basi mpaka Bunda, kichwa kwenye kioo. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani, nyeupe, na mimi kwa ule usingizi wa safarini nikaona kama mawingu yameshuka kupumzika. Bunda nikachukua bodaboda.

Zahanati nikakuta foleni. Akina mama wamejaa kwenye benchi na watoto wao, na kwenye kiti cha marehemu amekaa binti, kavaa sweta la marehemu, nalikumbuka lile sweta la zambarau. Anaandika wagonjwa kwenye karatasi. Macho yamevimba kwa kulia.

Aliponiona na laptop yangu akasimama.

"Kaka, ni wewe umemfunga bibi?"

Nikamwambia ni mimi, nikamuuliza yeye ni nani.

Jina lake Nyangeta. Ni mjukuu, alipewa jina la bibi yake, na baba yake mzazi anamwita "mama" tangu akiwa wa kubebwa. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa, akakabidhiwa vya bibi: sweta, kigoda, na simu pamoja na laini yake. Sista mkuu wa zahanati naye alijua huyu binti alikuwa akishinda pembeni ya bibi yake anajifunza kompyuta. Akamweka kwenye kiti. Kwa Sista, na kwa yule mlinzi pia, hapakuwa na mtu mpya wa kuripoti Musoma. Nyangeta ameenda, Nyangeta amekuja.

"Na password ulipata wapi?" nikamuuliza.

"Bibi aliniachia akiwa kitandani. Aliniachia mbuzi, shamba la mihogo, na password."

Hakuwa anatania.

"Kaka, huyu ananiulizaga code," akanionyesha kompyuta. "Code inakuja kwenye simu ya bibi, na simu nilipewa mimi. Halafu anaandika, karibu Nyangeta. Sasa ningemwambia mimi siye?"

Wakuu, nilisoma usalama wa mifumo, nina vyeti ukutani. Kufuli zangu zote zilimuuliza kama yeye ni Nyangeta, na kila moja aliijibu ukweli.

Lakini polisi hawamwachii mtu kwa ushairi. Bosi angeniuliza, una uhakika gani hakuchungulia? Sura ya huruma siyo ushahidi, na "hachunguliagi" ni ile ile "ga" ya mkaguzi.

Nikakaa kwenye benchi katikati ya wale akina mama, nikafungua ile stoo isiyofutika. Nikazipanga asubuhi zake zote tangu alipokalia kile kiti. Kompyuta ni ile ile. Anaingia zahanati ikifunguliwa, anatoka ikifungwa. Jumapili hayupo. Siku za mnada anawahi, kwa sababu watu ni wengi. Hajawahi kufungua mgonjwa wa zahanati nyingine hata mmoja. Nilijisikia kama nimeruhusiwa kuona moyo wa mtu, na ulikuwa safi. Machozi yalinilenga, na mama mmoja pembeni akaniuliza kama nina malaria.

Nikampigia bosi, nikamsomea asubuhi moja baada ya nyingine. Alinisikiliza mpaka asubuhi ya mwisho.

"Kwa hiyo ningefuta..."

"Ungefuta, mama, tungebaki na neno lake tu."

Akavuta pumzi. "Mwingize kwenye orodha. Mtengenezee ya kwake."

Binti alifurahi, lakini akaomba jambo. Ile ya bibi isifutwe kabisa kabla hajamwambia bibi mwenyewe. Sista akampa ruhusa, tukaenda Butiama, kwenye mji wa mume wa marehemu. Kaburi lipo kando ya mihogo. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza kuongea taratibu kwa kilugha chao ambacho sikijui. Upepo ulikuwa mwanana, jua limelegea, na mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kofia. Katika maneno yote nilishika moja tu: password.

Alipogeuka akasema, "Amekubali."

Mkaguzi alipokuja alikuta mstari mwekundu na maelezo yake yote chini yake. Akasoma, akarudia. Akauliza kama kawaida, "Sasa mtu akiondoka, mnafunga akaunti yake?" Bosi akafungua mdomo, nikaona "tunafungaga" inakuja. Akaimeza, akamgeuzia laptop. Yule dada akacheka. Mara ya kwanza.

Nilichojifunza: tunafikiri ushahidi kazi yake ni kukamata mtu. Siku ukiwa mwema na hakuna anayekuamini, ndio utakaokutetea, ilimradi hakuna aliyeugusa. Na kabla ya kumwita mtu mwizi, panda bodaboda ukamwone.

Wale wa IT mnaotunza mifumo mikoani, mmewahi kunasa nini? Na nyie mliorithi majina ya bibi na babu zenu, nao waliwaachia nini? Tiririkeni.

Nimalizie na hili. Nilimshauri Nyangeta asajili laini mpya kwa akaunti yake mpya. Alikataa. Kwa hiyo kila asubuhi kule Nyamuswa, code bado inaingia kwenye simu ya bibi, na simu inaita kwa mlio aliouchagua bibi. Hiyo mtambo wangu hauioni, nimewaambia nyie tu.