Nje ya Kibanda cha Mutwiri

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa sijaajiriwa. Nilikuwa nimekuja kugombana.

Ilikuwa kliniki ya kisukari ya watoto, Karurumo, kwetu Embu, chumba kimoja chenye benchi mbili na harufu ya spiriti. Mwende wangu alikuwa na miaka mitano na tulikuwa tumetoka wodini juzi tu. Karani alifungua faili, akaniangalia juu ya miwani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba: "Mama, huyu mtoto ulikuwa unampa soda ngapi?"

Watu wote wakageuka. Sasa, nyinyi mnaoanza kazi hii leo, jueni jambo moja kabla ya mengine. Kisukari cha aina ya kwanza hakitokani na soda wala pipi. Ni kongosho la mtoto limeacha kutengeneza insulini, ile dawa ya mwili inayoingiza sukari kwenye nyama, na bila kudungwa kila siku mtoto hamalizi mwezi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaambiwa na mama mkwe kwamba nimemharibu mtoto, na wamama wa kanisa walikuwa wameniombea kana kwamba nimeiba. Karani alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni ya hasira yangu, na yote ikamwangukia yeye.

Sista Msimamizi alitoka ofisini kwake, mwanamke mnene wa taratibu, akasimama na kalamu mkononi mpaka nikakosa pumzi.

"Umemaliza, Mama Mwende?"

"Sijamaliza!"

"Sawa. Lakini hayo unayosema, kuna mtu anayahitaji kuliko huyu karani. Unamwona yule amejifunika leso pale kwa benchi? Mtoto wake ameambiwa leo. Enda umwambie yote. Matusi tu ndiyo uyaache."

Nikaenda. Matusi sikuyaacha yote. Kufikia saa sita yule mama alikuwa amecheka mara moja, kicheko kidogo kilichochanganyika na kamasi, na Sista alipopita akasema bila kusimama, "Jumanne ijayo uje mapema." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mzazi mshauri.

Mzazi mshauri si nesi na si daktari. Ni mzazi ambaye ameshapitia, anayekaa na mzazi anayeanza kupitia. Kwa ofisi kazi yetu iliitwa msaada wa kisaikolojia na kijamii, na ilikuwa imeandikwa hivyo kwa mlango. Sisi tuliita kukaa na mtu. Unamwonyesha mahali pa kudunga leo na mahali pa kudunga kesho ili ngozi isifanye uvimbe. Unamfundisha mtoto aseme mwenyewe darasani anaumwa nini. Unamwambia baba kwamba hajalaaniwa. Halafu unasikiliza, na hiyo ndiyo ngumu, hasa kwa mtu wa mdomo kama mimi.

Kutoka Karurumo nilipelekwa Timau. Kule ni baridi, jameni. Wamama wengi wanafanya kazi kwa mashamba ya maua, wanatoka nyumbani ukungu ukiwa bado umelala kwa ngano. Watoto walikuwa wanakuja na vidole vya barafu. Unatoboa ili upime sukari, damu inakataa kutoka. Nilijifunza kumpa mtoto kikombe cha chai ashike kwanza. Mikono ikipata joto, mdomo nao unafunguka. Maneno mengi niliyoambiwa Timau niliambiwa juu ya kikombe ambacho hakikunywewa.

Mratibu wa huko, kijana aliyevaa tai hata Jumamosi, alikuwa akiniambia, "Mama Mwende, unakaa sana na mtu mmoja." Nikamjibu, "Wewe ukilia utataka nikuangalie saa?" Hakunipenda, lakini aliacha kuniharakisha.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Githongo, Imenti, kwa watu wa kahawa, na huko ndiko nilikokutana na Mutwiri.

Mutwiri alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mwenye aibu, mwenye kisukari tangu akiwa darasa la tano. Mama yake ndiye alikuwa kila kitu: ndiye sindano, ndiye mashine ya kupima, ndiye saa ya chakula. Baba yake, mkulima mwenye mikono mizuri ya kupogoa kahawa, hakuwa ameshika ile sindano hata siku moja. Si kwa ubaya. Alikuwa tu anatoka nje kila ilipotolewa.

Mwaka huo wenzake Mutwiri walikuwa wanapashwa tohara. Siku hizi wengi hukatwa hospitalini na daktari, lakini baada ya hapo kijana bado anakaa kibandani wiki kadhaa, mbali na nyumba ya mama. Analetewa chakula, anafundishwa na waliomtangulia. Mwanamke haingii, na hata baba mzazi hukaa mbali. Mama anapika, sufuria inapelekwa na vijana, inarudi tupu, basi. Baba Mutwiri alikuwa ameamua: mtoto akatwe, kisha, kwa ajili ya sindano, akae nyumbani kwa mama yake, kimya kimya, watu wasijue.

"Kwa nyumba ya mama?" Mutwiri aliniambia, tumekaa nyuma ya kliniki. "Si afadhali msinipeleke kabisa. Watanihesabu mtoto mpaka nizeeke."

"Na sindano?"

Akainuka, akasema anaitwa ndani. Mama yake ndiye aliyeniambia baadaye, akinong'ona: kijana alikuwa ameanza kuruka sindano. Asubuhi anasema amedunga, kumbe amemwaga kwa majani. Ikawa tumefungwa pande zote. Akizuiwa kibanda, ataacha dawa kwa uchungu. Akienda kibandani, mtu pekee anayejua kumtunza haruhusiwi kufika. Sukari ikipanda sana kidonda hakiponi. Ikishuka sana, anaweza kupoteza fahamu na asiamke.

Daktari alikubali kibanda, mradi kuwe na mtu wa kudunga na kupima. Nikaenda kwa Mratibu wa Githongo, mzee wa heshima zake.

"Hayo ni mambo ya wanaume wa Imenti," akasema. "Wewe ni wa Embu, tena mwanamke. Kaa mbali."

"Nitakaa mbali. Nipe tu mwanaume mmoja anayejua kudunga insulini."

Akapekua daftari lake la washauri mpaka mwisho. Hakuwa naye hata mmoja. Miaka yote hiyo tulikuwa tumefundisha akina mama peke yao, mimi na ofisi yote, kana kwamba mtoto wa kiume hatawahi kutoka jikoni.

Basi nikamwita Kirimi. Kirimi alikuwa mtoto wa baba mdogo wake Mutwiri, mwendesha bodaboda, mtu wa kelele, naye ndiye aliyechaguliwa kumsimamia kibandani. Alikuja na helmeti kichwani, akakataa kuivua.

"Mathee, hii sindano si ni ya kuku?"

"Jidunge. Iko tupu."

"Nani? Mimi?"

Huyu ni mtu anayepita malori kwenye kona. Aliishika ile sindano, jasho likamtoka chini ya helmeti. Mutwiri alicheka mpaka akashika ukuta, na sikuwa nimemwona akicheka tangu nimjue. Kisha akainua shati lake, akabana ngozi ya tumbo, akajidunga insulini yake ya saa hiyo mbele ya binamu yake, polepole, kama mwalimu.

"Ni kama siafu," akasema. "Tena siafu mdogo. Usiangalie uso wangu, angalia mkono."

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Mara hii hakutoka. Akauliza, sauti ikiwa nzito, "Sasa akitetemeka huko ndani, watajuaje kama ni hiyo sukari ama ni uoga?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Sukari ikishuka, mtu anatetemeka, anatoka jasho, macho yanapotea, akiulizwa jambo hajibu. Na kibandani vijana wakubwa wanakuja kumpima aliyetahiriwa kwa maneno na vitisho, wanatafuta hayo hayo. Wangeona ugonjwa wakauita uoga, na yeye angevumilia mpaka aanguke, asiitwe mwoga.

"Hawatajua kwa macho," nikamwambia Kirimi. "Kwa hivyo akitetemeka usiulize. Mpe glukosi kwanza, ile sukari ya unga ya pakiti, toboa kidole upime, mcheke baadaye."

"Glukosi, kidole, kicheko," akasema Kirimi, na kwa mara ya kwanza akavua helmeti.

Baba akakubali, Mutwiri akakatwa, akaingia kibandani, na siku za mwanzo zilienda vizuri. Kirimi alikuwa akinipigia simu asubuhi na jioni kusoma kipimo kama mtangazaji wa mpira. Wiki ya pili nikaenda kumwona Mama Mutwiri. Tulikuwa jikoni mchana, tunamenya ndizi za kuponda mukimo, tukasikia kelele kutoka kibandani. Vijana wakubwa walikuwa wamefika. Waliuliza, wakaimba, wakapiga mabati. Kisha kicheko kikali, na mmoja akapaza sauti: "Mwone anavyotetemeka! Huyu mrudisheni akanyonye!"

Kisu cha Mama Mutwiri kilisimama ndani ya ndizi.

Aliondoka bila kunawa, akashika bakuli la sukari, akaenda mpaka kwenye mstari wa migomba unaotenga boma na kibanda. Pale akasimama kama amegonga ukuta. Upande wa pili, katikati ya kahawa, niliona mume wake naye amesimama, mkasi wa kupogoa ukiwa wazi mkononi.

"Nikiingia nimemmaliza kwa watu," akasema. "Nisipoingia..."

Mimi nilikuwa nimeshainua mguu. Mimi si wa Imenti, wangesema nini, wangenifukuza na ningeenda. Akanishika sketi kwa mkono wenye utomvu wa ndizi.

"Ngoja, Mama Mwende."

"Ningoje nini?"

"Si umewafundisha? Ngoja."

Sijawahi kuchukia neno kama nilivyolichukia lile. Tukangoja. Kicheko kingine. Halafu sauti ya Kirimi, si ile ya utani:

"Nyamazeni! Huyu haogopi, sukari imeshuka. Wewe unayecheka, shika kichwa. Wewe, fungua hii pakiti. Fungua, bana, kwani mikono yako ni ya kuazima?"

Mabati yakaacha kupigwa. Hata kuku walinyamaza, ama mimi ndiye niliyekuwa siwasikii. Baba Mutwiri alikuwa anasogeza midomo, nafikiri anaomba. Mama alikuwa amelibana bakuli kifuani.

Kisha sauti ya Mutwiri, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini: "Mlikuwa mmeniuliza nini?"

Wakacheka, lakini kilikuwa kicheko kingine, cha watu walioogopa na sasa wamepona. Mama Mutwiri akakaa chini palepale kwenye majani makavu, akaweka bakuli mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili.

Baadaye kidogo yule aliyepaza sauti alipita kwenye migomba, akanikuta, akaangalia pembeni. "Mathee, ile glukosi imeisha. Hiyo ingine... na sisi tulionja."

Nilimtukana vizuri, kisha nikampa pakiti mbili kutoka mfukoni mwa sketi.

Mutwiri alitoka kibandani na kidonda kilichopona. Tangu hapo sikukubali familia iniletee mama peke yake. Lete baba, lete mjomba, lete hata Kirimi wako. Benchi ya Githongo ikaanza kuwa na magoti ya wanaume, na Baba Mutwiri alikuwa akija kukaa nao hata siku ambazo mtoto wake hakuwa na kliniki.

Mwaka huu nimestaafu. Wanacheka, kwa sababu sina hata mvi. Lakini Mwende ana miaka kumi na miwili, na siku moja tukitoka kliniki aliniambia, "Kule unanishauri, nyumbani unanishauri. Mimi nataka mama." Nikarudisha kitambulisho cha kazi wiki hiyo hiyo. Nyinyi mnaobaki, msiwaulize wazazi kuhusu soda. Na fundisheni watu wa kila mlango ambao mtoto ataupita, kwa sababu kuna milango hamtaingia.

Jana jioni Mwende alienda chumbani kwake kujidunga, akafunga. Nilisimama pale koridoni, mkono mfukoni, juu ya pakiti ya glukosi.

"Mama, uko hapo?"

"Napita tu."

"Unapita tangu nifunge mlango?"

Nikamsikia akicheka peke yake huko ndani, kisha kifuniko cha sindano kikibanwa.

"Enda uweke chai," akasema. "Nakuja."

Nikaenda nikaweka chai.