Siku Piano Ilipoota Moto Ntalikwa

Enzi zetu mambo yalikuwa mambo. Msicheke. Najua nina miaka kumi na sita na bado naulizwa kama nimenawa miguu kabla ya kupanda kitandani. Lakini ninyi wenzangu tuliocheza mdako pamoja pale Ntalikwa, mifuko ya magauni imejaa michembe ya viazi migumu kama kokoto, mnajua kwamba na sisi tuna enzi. Watoto wa darasa la kwanza wa leo hawana. Wao wanazungusha mkono wa gramafoni, sanduku linaimba, halafu wanapiga vifua kana kwamba wameimba wao. Sisi piano yetu ilikuja mabegani mwa watu.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, kwaya isiyokuwa na hata filimbi. Alijifunza piano kidogo alipokuwa mwanafunzi misheni, kisha akarudi kijijini ambako piano ilikuwa haijawahi kuonekana. Basi alichora vibao vyeupe na vyeusi kwa chaki na mkaa juu ya meza yetu ya kulia. Kila jioni alivipiga kimya kimya, macho amefumba, kichwa kinayumba. Mama akifuta meza, anafuta piano.

"Mwalimu," Mama humwambia, "wimbo wako mzuri, ila ugali umepoa."

Baba huchora upya.

Mjini Tabora, karibu na soko, palikuwa na duka la Bwana Rahimu. Aliuza vinanda vya mdomo, kodiani, nyuzi za gitaa na sindano za gramafoni. Hakukubali mtu atoke dukani kwake bila kugusa chombo. Ukimwambia, "Shikamoo, mimi napita tu," anakujibu, "Marahaba, pita ukipuliza," na kinanda kishakutua mdomoni. Mwaka ule alikuwa amepata piano ya mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Baba alipoiona alisimama wima kama aliyekutana na simba. Bwana Rahimu akamsogezea kigoda. Baba akapiga wimbo mmoja wa kanisa, makosa tele, na wapita njia wakajaa mlangoni. Hata punda wa mtu alisimama.

"Mwalimu, nenda ukakae nayo mpaka Pasaka," Bwana Rahimu akasema. "Klabu ya Wazungu wanaitaka, lakini nitakuja kuwasikiliza ninyi kwanza. Ikiimba na watu wenu, itabaki kwenu. Ikikaa kama kabati, nawapa klabu."

Usiku ule Baba hakuchora kitu mezani. Alikaa tu, anatabasamu na ukuta.

Ilikuwa masika, na lori lingezama njiani. Ndipo Guku, yaani babu yangu mzaa baba, alipocheka. Ujanani alikuwa mpagazi, akibeba mizigo toka Tabora mpaka pwani kwa njia ile ya zamani ya misafara. "Lori la nini? Mabega yameenda wapi?" Akakusanya watu kumi na wawili, wazee wenzake na wana wao, wakaifunga piano kwa kamba za katani juu ya miti miwili mirefu. Mimi nilitembea ubavuni, kwa sababu nililia mpaka wakachoka kunikataza.

Guku akaanzisha wimbo wa wapagazi. Yeye anatoa, wao wanapokea, miguu inatua pamoja matopeni. Tulipoziacha nyumba za mwisho za mji nikasikia kitu. Kila wanaume walipopokea kwa nguvu na kunyamaza wavute pumzi, sauti nyingine ilibaki hewani. Nyembamba, nyingi, kama nyuki walio ndani kabisa ya mzinga. Nikabandika sikio kwenye ubao.

"Guku, inaitikia!"

Msafara ukasimama. Guku akatoa sauti moja ndefu, akanyamaza. Piano ikamrudishia ile ile, taratibu, kama mtu anayeamka. Hakuna aliyecheka, hata Maganga jirani yetu, ambaye hucheka mpaka msibani.

"Nimebeba pembe, nimebeba chumvi," Guku akasema. "Hakuna mzigo ulionijibu."

Mimi, kwa udadisi wangu, nilichungulia chini. Kamba moja ilikuwa imepita juu ya kikanyagio cha kulia, ikakibana mpaka mwisho, na kumbe kikibanwa hicho nyuzi zote huachiwa huru zitetemeke. Nikaliweka hilo kichwani, pamoja na mengine mengi yasiyonihusu.

Kanisa letu lilikuwa la nyasi, na lilivuja. Kwa wiki tatu za mvua meno ya piano yakavimba. Ukibonyeza moja, linazama halirudi. Jumatatu ya Pasaka, Baba alikwenda barabarani kumpokea Bwana Rahimu. Guku akabaki na piano, na mimi. Sasa Guku alikuwa pia mpiga ngoma, na ngoma ikipoteza sauti kwa unyevu huwekwa karibu na moto mpaka ngozi ikaze. Nani Unyamwezini hajui hilo? Akaleta majiko mawili ya mkaa, akayasukuma chini ya piano. Aliyepepea ni mimi, tena kwa bidii ambayo shuleni hawajaiona mpaka leo. Tuseme ukweli, meno yaliachia. Guku akanikonyeza. Halafu ubao wa ndani ukapasuka paaa! kama bunduki.

Baba alipoingia, kwaya nzima na wale walioibeba piano nyuma yake, akaona majiko. Akakaa, akapiga. Ilitoka sauti ya paka na mbuzi waliotiwa gunia moja. Akaondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Mwanangu," Guku akamwambia Baba, "niliipasha."

"Nimeona, Baba."

Basi, hayo tu. Heri angefoka. Bwana Rahimu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na huko nje jua lilikuwa limeikausha barabara na lori la klabu lilikuwa linangoja. Nikamtazama Baba, nikaiona ile meza yetu na Mama akiifuta.

Nikapiga mbizi chini ya piano, nikakikandamiza kikanyagio kwa mikono miwili. "Guku, imba! Ule wa njiani!"

Guku akatikisa kichwa. Nikaita tena. Akaanza. Maganga akapokea, kisha wapagazi wote, kisha kwaya, soprano, na besi na vitambi vyao. Guku akainua mkono, wote wakanyamaza.

Ikajibu. Na ufa wake, na ubovu wake wote, ilizirudisha sauti thelathini kwa pamoja, na mimi niliyekuwa chini yake nilidhani kanisa linanyanyuka. Kuna mama mmoja alipiga magoti. Bwana Rahimu alijikuta yuko katikati ya kanisa, kofia mkononi, wala sidhani alijua ameingia.

"Tena," akasema.

Wakaimba tena.

"Tena."

Mara ya tatu aliimba na yeye. Kisha akamgeukia Baba: "Fundi wa nyuzi namjua mimi, Mwalimu. Ila majiko, tafadhali, yapikieni." Lori likarudi mjini na magunia ya karanga.

Leo shuleni kwetu kuna piano inayong'aa, ina kufuli, na juu yake pana kitambaa na chombo cha maua. Wadogo zetu wanajua kuipangusa vumbi tu. Ile ya Ntalikwa ina ufa na meno manne mabubu, na hakuna mtoto wa kijiji ambaye hajaitwanga.

Guku alifariki mwaka juzi. Likizo ikifika naingia kanisani peke yangu, nakanyaga kwa mguu, maana sasa mguu unafika, naimba ule wimbo wa njiani. Piano inanijibu, sauti moja tu. Huwa nasubiri kidogo kabla ya kuondoa mguu, labda kuna mwingine atapokea.