Amplifaya ya marehemu baba inadondokewa mafuta ya kitimoto

Admin, nifichie jina na kijiji, maana mawifi zangu wote wanafuatilia ukurasa huu. Nina miaka ishirini na sita, watoto wawili, niliishia kidato cha nne. Kwetu ni ziwani, upande wa Mbamba Bay, nimeolewa huku juu Mbinga kwa watu wa kahawa. Mume wangu si mlevi na hajawahi kunipiga, nasema mapema ili msinijibu "achana naye". Ila siku hizi nikimwangalia anakula nasikia kinyaa, na kinyaa hicho kinaniogopesha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya. Daktari mmoja mzungu wa misheni alipoondoka alimwachia spika mbili ndefu za mbao, zinanifika kiunoni. Kila amplifaya baba aliyojaribu ilishindwa, sauti inakuwa nyembamba au chombo kinachemka. Alihangaika miaka hadi akapata moja kuukuu, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, ina taa moja tu ndogo nyekundu. Hapo ndipo spika zikafunguka. Aliniambia, "Mwanangu, hizi zinataka amplifaya yenye nguvu iliyotulia. Ukizipa dhaifu ukaikaza hadi mwisho, itakwaruza, na mkwaruzo ndio unaounguza twita, hiki kispika kidogo cha juu."

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita. Alikuwa anaongoza nyimbo za kioda, ngoma ya akina mama wa kwetu, na baba alimrekodi. Kwenye spika zile, kabla mama hajaanza ubeti, unasikia anavuta pumzi, kama amekaa na wewe mkekani. Nimejaribu kwenye simu, nimejaribu kwenye redio, pumzi ile haipo. Baba alipofariki ndugu walikubaliana vyombo vile ni vyangu.

Mwezi uliopita natoka kliniki na mtoto mgongoni, nakuta mezani kidude cha plastiki kinawaka taa za kijani na bluu. Mume wangu anacheka. "Mama watoto, njoo uone. Ina bluutuu, ina rimoti, ina matundu ya maiki. Ile ya baba yako ilikuwa boksi la betri tu." Nikauliza iko wapi. "Nimebadilishana na baba mdogo. Yeye hana haja na taa."

Jioni wakaja rafiki zake, wakaikaza hadi mwisho. Nyumba ikawa inakwaruza kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Nikawaambia wapunguze, zitaungua. Mmoja akasema, "Shemeji, spika kubwa haiogopi kelele." Huyo huyo aliweka kikombe cha komoni juu ya mbao ya baba, pombe ikamwagika, na sigara akaizimia pale pale. Baadaye ikaja harufu ya waya kuungua, spika moja ikanyamaza juu, ikabaki inaguna chini. Mume wangu akasema, "Si bado moja inapiga." Wakaondoka, nikabaki nafuta pombe na makohozi yao sakafuni, mtoto akiwa mgongoni.

Fundi wa mjini anasema twita itapatikana, ila bila amplifaya ile tusijisumbue, itaungua tena. Sasa huyo baba mdogo ndiye aliyesimamia mahari yangu, na ana kilabu cha kitimoto. Huku mkwe haingii kilabuni kwa baba mkwe, wala hamdai kitu alichopewa na mwanawe. Nilienda nikaishia mlangoni, nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Chombo chenu hakichoki, kinapiga tangu asubuhi."

Nikaiona amplifaya ya baba pale kaunta. Imefungwa kwenye spika za bati zilizochanika, juu yake sinia la nyama ya nguruwe, mafuta yanachuruzika ndani ya matundu yake ya kupumulia. Nilirudi nyumbani nikatapika, na mimba sina.

Nilipomweleza mume wangu kwamba vyombo vile haviachanishwi, akafurahi kama amepata jibu. "Basi Jumamosi spika nazo ziende kilabuni, zikakae na mwenzao. Nimeshamwahidi baba mdogo." Alisema hivyo kwa upole kabisa, akidhani ananibembeleza. Nimezihamishia kwenye stoo ya mahindi, nimefunga, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Jana kaniambia nikimwaibisha mbele ya baba yake mdogo, nishike njia ya kushuka ziwani kwetu.

Nampenda, na watoto wanampenda. Lakini spika haziendi kule. Mwanangu wa kike nimempa jina la mama yangu, na ninataka asikie bibi yake akivuta pumzi kabla ya kuimba. Ndugu zangu, niingie kilabuni nikaibebe mwenyewe mbele ya walevi, waseme nimekosa adabu, au niwaite kaka zangu wapande huku liwe la ukoo kwa ukoo? Jumamosi ni keshokutwa. Mwenye busara anijibu kabla hawajavunja kufuli.