Mahali Peupe kwenye Ramani ya Zihalirwa

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Lwiro, siku alipokuja mkaguzi wa shule, darasani walikuwemo hawa: Mwalimu Cyprien, mzaliwa wa Kamituga; mkaguzi mwenyewe, aliyekuwa padri Mbelgiji ambaye jina lake hatukuambiwa; Zihalirwa, mtoto wa baba yangu mdogo; mimi; na wavulana wengine kumi na tisa, ambao majina yao bado ninayo yote.

Somo lilikuwa mahali na nafasi. Kila mmoja alichora ramani ya kilima chetu, na mwenye ramani bora angepelekwa sekondari, Bukavu. Angekwenda mmoja tu. Zihalirwa alilitaka jambo hilo kuliko chakula.

Juu ya kilima kuna kichaka kilichoota penye kaburi la chifu wa kale. Hakionyeshwi kwa kidole, maana kidole kitavimba. Mtu hukunja ngumi, akaielekeza huko. Nyanya yetu, M'Bahizire, alikuwa ametuonya:

"Kalamu nayo ni kidole, batoto bangu. Mukikichora, mutaona."

Mimi nilikichora, kwa kumwogopa mwalimu. Zihalirwa alipaacha peupe.

"Angalieni, Zihalirwa amekula kilima!" alisema mmoja, darasa likacheka.

Mwalimu alipagonga pale peupe kwa kidole. "Hapa iko nini? Umesahau?"

"Hapana, Mwalimu. Hapa habaonyeshaka."

"Basi ramani yako haiko kamili."

Mkaguzi aliinama juu ya karatasi. Halafu akauliza kwa nini njia zote, ya kisimani, ya sokoni, ya kanisani, zilipinda zikifika hapo.

"Kila mutu anajua, mon père," Zihalirwa alimjibu padri. "Hata ng'ombe."

Padri aliichukua ramani yake. "Wenzako wamechora miti," alisema. "Wewe umechora mahali."

Wiki iliyofuata Mwalimu Cyprien alifika na kidole kilichofungwa kitambaa. Alisema alibanwa na mlango. Hakuna aliyecheka.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kama kweli ulikuwa mlango. Sasa siulizi tena. Mtoto wa nyumba yetu aliwafundisha watu wazima wawili somo lao wenyewe, bila kumvunjia heshima nyanya yake, nami nilikuwa benchi moja naye. Ndiye aliyepelekwa sekondari, na baadaye alifundisha jiografia Bagira, huko huko Bukavu, hadi uzee, na kila mwaka alianza kwa kuwauliza wanafunzi kwao ni wapi watu hawapiti, na kwa nini.

Zihalirwa alikufa Jumatatu hii asubuhi.