Friji ya Mzee Baridi

Simu iliita dada yake Mzee Baridi akiwa nyumbani, anakamua shuka. Muuguzi wa zamu alisema kwa upole, "Dada, pole sana. Kaka yako ametutoka, sasa hivi, hapa wodini." Kabla machozi hayajapata njia akaongeza, "Na samahani, ufunguo wa friji yake unao wewe?"

Alikuwa nao. Marehemu, aliyeitwa Mzee Baridi na wenzake, alipima damu za wachangiaji kwa miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo aligombana na watu waliotia soda zao kwenye friji ya vipimo. Mwishowe akaipiga kufuli. Ufunguo wa akiba akampa dada yake, maana yeye hanywi soda.

Dada alifika maabara ya hospitali macho mekundu, akamkuta muuguzi yule yule anamsubiri. Birika la umeme lilikuwa linachemka kwenye soketi ya friji.

"Hili liko hapa tangu lini?"

"Tangu kaka alazwe, juzi. Soketi yetu imekufa. Fungua basi, kuna mama anasubiri damu."

Akafungua. Kipimajoto cha ndani kilionyesha nyuzi ishirini na tisa. Akafunga tena, ufunguo akautia kifuani.

"Vipimo hivi havifai."

"Kwani dada umesomea maabara?"

"Nimesomea mezani kwa kaka. Wanachukua kipande cha vinasaba vya kirusi cha homa ya ini, wanakipandikiza kwenye bakteria, bakteria wanatengeneza protini ya kirusi bila kirusi chenyewe. Protini hiyo ndiyo inayonasa kingamwili kwenye damu ya mgonjwa. Ikiharibiwa na joto hainasi kitu, na kila damu itaonekana safi. Kanisimulia hayo mpaka chakula kinapoa. Pigeni simu hospitali jirani walete vingine."

Akakalia kigoda cha marehemu. Alimkasirikia muuguzi, akalikasirikia birika, akamkasirikia na kaka aliyemwachia ulinzi wa friji badala ya msiba. Akamwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba.

Vipimo vipya vilifika saa nane. Mchangiaji wa kwanza alikutwa na homa ya ini. Wa pili alikuwa salama, na mama akapata damu. Muuguzi alichomoa birika, akachomeka friji.

Walimzika kesho yake saa kumi. Sala ilikuwa fupi, kulikuwa na jua. Dada alitupia udongo mara tatu, akasimama mpaka kaburi likajaa, akarudi nyumbani kuanua shuka.