Paka wa Chumba cha Boila

Wenzake kazini walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwa na mtoto. Kwa miaka kumi na tisa alinyoosha mashuka na makoti ya madaktari katika chumba cha kufulia cha hospitali. Aliishi na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, katika vyumba viwili, ghorofa ya pili.

Mafundi walipokuja kubadilisha mabomba ya boila, mtambo wa kuchemshia maji ya kufulia, walikuta nyuma yake paka jike wa kijivu, amekonda, sikio moja limechanika. Walitaka kumtoa kwa fagio. Mama Pasi aliwaomba wasubiri. Akamfunika kwa shuka chakavu, akamtia kwenye kapu la nguo, akampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari alimchanja, akaeleza kwamba huyu hajawahi kuishi na watu ndani ya nyumba, asilazimishwe kitu.

Dada hakufurahi. Alisema nyumba yenyewe haiwatoshi wao wawili, na yeye si yaya wa paka. Hata hivyo alisogeza viatu vyake ili karai la mchanga la paka kujisaidia lipate nafasi.

Paka aliingia uvunguni mwa kabati, akahamia huko moja kwa moja. Alikula pale tu chumba kilipokuwa kitupu. Kila jioni, akitoka kazini, Mama Pasi alilala kifudifudi sakafuni akimbembeleza kwa vipande vya samaki, akaambulia kufokewa. Siku ya tisa alikwaruzwa mkono. Alinawa, akapaka dawa.

Wiki ya nne umeme ulikatika kazini, akarudi mchana. Dada alikuwa kwenye kiti cha dirishani akijaza chemshabongo ya gazeti. Paka alikuwa amejilaza juu ya miguu yake. Mlango ulipofunguka, alichomoka akarudi chini ya kabati.

"Tangu lini?" Mama Pasi aliuliza.

"Kama wiki hivi," dada alijibu, macho gazetini.

"Na hukuniambia."

"Ningeanzia wapi? Wewe ndiye uliyemleta."

Mama Pasi aliingia jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi. Ilimuuma. Kumwonea wivu mtu wa miaka sitini na nane kwa ajili ya paka ni jambo lisilosemeka, kwa hiyo hakulisema. Dada alimfuata, akasimama mlangoni.

"Mdogo wangu, unanuka sabuni ya kazini. Mimi nimeshazoea. Yeye alitishiwa fagio mahali panaponuka hivyo hivyo. Halafu unamkodolea macho mno. Mimi wala simtazami."

Tangu siku hiyo Mama Pasi akifika huoga kwanza, huvaa gauni la nyumbani, kisha hukaa mezani kushona vifungo, sakafu haiangalii. Wiki mbili hakikubadilika kitu. Baadaye paka akaanza kutembea kando ya ukuta, halafu katikati ya chumba, akiburuta tumbo chini. Mwezi wa tatu tangu aletwe, aliacha kukimbia Mama Pasi anapoingia. Aliinua kichwa, akamtazama, akakilaza tena. Mapajani mwake hajapanda mpaka leo.

Kazini wakimwuliza habari za paka, Mama Pasi hujibu kwamba ni mzima, amenenepa, anaishi kwa dada yake, chumba cha mbele.